Mwalimu wa Bastola kwa Wazee wa Mlangoni

Mlio wenyewe ulitokea wakati wa sala ya kimya, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ungetokea wakati wa wimbo, piano ingeumeza na watu wangedhani Dada Maybelle kaangusha tena kitabu chake. Lakini Mchungaji Renfro alikuwa amewaambia waumini wainamishe vichwa wamsikilize Mungu, nao wakawa wanasikiliza kweli kweli. Walichosikia ni paa! kutoka choo cha wanaume, kisha maji.

"Amina," alisema mchungaji, kwa mazoea tu.

Twyla Haskew hakuinua hata kope. Kanisa zima lilikuwa likijiuliza ni nani yuko chooni. Yeye alikuwa anajua. Mumewe Orrin alikuwa ametoka kwenye benchi dakika nne zilizopita, bastola kiunoni chini ya koti la Jumapili, kwa sababu Orrin alikuwa mmoja wa wazee watano wa mlangoni, wanaokaribisha watu na kulinda ibada. Hapo Piney Ford, Missouri, kanisa lisilo na wazee wa mlangoni wenye silaha ni sawa na kanisa lisilo na kahawa: linaweza kuwepo, ila watu watauliza kulikoni.

Ilikuwa hivi. Orrin aliichomoa bastola akaiweka juu ya tangi la choo ili suruali ishuke kwa amani. Mfuniko wa tangi ulikuwa na mgongo kidogo. Bastola ikaanza kuteleza. Orrin, ambaye kwa miaka thelathini na minne alifanya kazi machimbo ya mawe na mikono yake ilikuwa imezoea kudaka kila kinachoanguka, akaidaka kama mtu anayedaka yai. Kidole kikaingia kilipoingia. Tangi likapasuka. Orrin akatoka chooni viatu vikilia chwa, chwa, chwa mpaka mlangoni pake, akasimama kama kawaida, akaanza kugawa tabasamu.

Hakuna aliyeumia. Hilo kila mtu alilisema wiki nzima, dukani, posta na kwa kinyozi, na kila aliyelisema alimalizia kwa kucheka.

Twyla peke yake ndiye ambaye hakucheka sana. Jumatatu alikuwa kanisani akipanga masufuria wakati fundi bomba anabandua tangi lililopasuka. Fundi alikuta tundu ubaoni nyuma ya tangi, akalifuata kwa bisibisi, akaichokoa risasi kutoka kwenye nguzo ya mti. Upande wa pili wa nguzo ile kulikuwa na picha ya safina ya Nuhu, na chini ya picha vile viti vidogo vyekundu vya watoto wa chekechea. Fundi aliiweka risasi kwenye kiganja cha Twyla. Twyla akaitia mfukoni mwa aproni.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Hata Orrin?"

"Hasa Orrin."

Maana Orrin alikuwa tayari amejiumiza vya kutosha. Alipostaafu machimbo mwaka juzi, alikaa dirishani miezi mitatu akitazama ndege wanakula mbegu, akawapa majina, akaanza kugombana nao. Kilichomtoa kwenye kile kiti ni mlango wa kanisa. Pale mlangoni alijua jina la kila mtu, la mbwa wake, na goti lipi linamuuma. Ukimtoa pale, Twyla alijua, unamrudisha dirishani, na ndege wa watu hawajamkosea kitu.

Jumanne jioni mchungaji aliwaita wazee watano jikoni mwa kanisa. Twyla alikuwepo kwa sababu kahawa ilikuwa yake.

"Ndugu zangu," alisema Mchungaji Renfro, "bastola zote zikae nyumbani kuanzia leo. Anayetaka kusimama mlangoni aniletee cheti kutoka kwa mwalimu, kabla ya Jumapili ya Kurudi Nyumbani, waliohama watakapokuja. Mna wiki tano. Mkishindwa, mlango nitampa Ndugu Hollis."

Orrin alifumba macho. Hollis alikuwa wakala wa bima. Alikuwa na meno mengi kuliko watu wengine, na huwezi kumpa mkono bila kurudi na kadi yake kiganjani.

"Cheti cha nini, Mchungaji?" aliuliza Ndugu Cletus, mwenye miaka sabini na minne na kilo zinazolingana na za friji iliyojaa. "Mimi nilifundishwa na baba yangu. Nina miaka sita nilikuwa nashusha kindi kutoka juu ya mti."

"Na mimi kwa babu," akadakia mwingine. Wote watano wakatikisa vichwa. Kwa wanaume wa Piney Ford, kumwambia mtu akatafute mwalimu wa bunduki ni kama kumwambia akatafute mwalimu wa kutafuna.

"Kindi hakuwa amekaa katikati ya kwaya, Ndugu Cletus," alisema Twyla, akimmiminia kahawa.

"Dada Twyla, usinianze."

"Sijakuanza. Nikikuanza utajua."

Mchungaji akamtazama Twyla, akatazama jiko jipya la gesi nyuma yake. Jiko lile alilichagua Twyla, baada ya kuwahoji wauzaji watatu mpaka mmoja akaomba likizo. "Dada Twyla," alisema, "tutafutie mwalimu."

Basi Twyla akachukua daftari lake la mapishi, akalifungua kurasa za nyuma, akaandika maswali matatu. Yalikuwa karibu yale yale aliyowauliza watu wa majiko. Nani amekufundisha wewe, na mara ya mwisho ni lini? Mtu akiumia, nini kinafuata? Na asiyeweza, unamfanyaje?

Wa kwanza kumpigia alikuwa Dax Holloway, aliyejiita Kamanda Dax. Orrin na wenzake walikuwa wameshaitazama video yake mara kumi na moja. Ndani yake Kamanda anatoka kwenye moshi, anabingirika juu ya tairi, anapiga risasi akiwa amelala ubavu, halafu anavua miwani ya jua polepole, na chini yake ana miwani mingine ya jua.

"Nani amekufundisha?" Twyla aliuliza.

"Mama, kuna mambo siwezi kuyasema kwenye simu."

"Nikija mwenyewe utayasema?"

"Hapana. Ni ya siri ya juu."

"Sawa. Mtu akiumia darasani kwako?"

"Sisi tunajipanga kushinda, mama. Hatujipangi kuumia."

"Na asiyeweza?"

"Kwangu hakuna anayefeli!" alisema Kamanda kwa fahari, na Twyla akaandika jibu hilo, akalipigia mstari mara mbili.

Wa pili alikuwa Eldon Voss wa mji wa jirani. Kazi yake kubwa ilikuwa kurekebisha sauti za piano. "Nipigie baada ya saa kumi, dada," alisema. "Sasa hivi kichwa changu kiko ndani ya piano." Saa kumi na dakika moja Twyla alipiga.

"Aliyenifundisha kwanza ni mama mmoja wa timu ya shabaha, marehemu sasa," alisema Eldon. "Mara ya mwisho nilikuwa mwanafunzi mwezi uliopita, kule Oklahoma. Nilikuwa wa saba kati ya tisa."

"Wa saba?"

"Wa nane alikuwa na mafua. Mtu akiumia, nina mkoba wa bandeji na nimesomea kuutumia, na hospitali ni mwendo wa dakika kumi na tisa kutoka shambani kwangu. Nimeendesha mwenyewe nikihesabu. Na asiyeweza namwambia hajaweza. Anarudi siku nyingine, bila malipo, mpaka aweze au aache."

Twyla aliyasoma majibu yote mbele ya wazee, kwa sauti moja, bila kupendelea. Wazee wakapiga kura. Watano kwa Kamanda Dax, na kwa fundi piano sufuri.

"Ana ndevu," Orrin alimweleza mkewe ndani ya pikapu, kama mtu anayetaja shahada ya chuo kikuu.

"Hata mbuzi wa Cletus."

"Twyla, mpenzi, yule mwingine anafundisha akiwa amevaa sweta la vifungo. Nikienda kusimama mlangoni, watu wakiniuliza nani alinifundisha, niseme nini? Fundi piano?"

Twyla hakubisha. Alisema tu kwamba na yeye atajiandikisha kama mwanafunzi. Kisha Alhamisi ya wiki ya tatu akaendesha mpaka kwa Eldon Voss, akamletea pai ya maboga, akarudi na mfuko mdogo wa kitambaa. Ndani mlikuwa na risasi sita bubu, ambazo Eldon alizitengeneza mwenyewe: ganda la shaba, kichwa cha risasi, tumboni hakuna baruti. Ukiitazama huwezi kuitofautisha na risasi hai, mpaka uigeuze makalio uone tone la rangi ya kucha.

"Changanya moja moja na risasi hai," Eldon alikuwa amemwambia. "Mpigaji hajui ipi ni ipi. Ikifika bubu, bastola inasema tik, na mkono unatoa siri yote. Anayeogopa mlio atausukuma mdomo wa bastola chini kabla haujatokea. Mwambie mwalimu wenu kwanza, lakini. Mwalimu lazima ajue kilichomo."

"Nitamwambia," Twyla aliahidi, na alikuwa mkweli.

Jumamosi ile Kamanda Dax aliwasili kwenye malisho ya zamani ya Cletus na pikapu nyeusi yenye fuvu la kichwa mlangoni. Suruali yake ilikuwa na mifuko kumi na mmoja, Twyla aliihesabu. Aliwasainisha karatasi ya kutomdai wakifa, kisha akampa kila mmoja jina la vita. Orrin akawa Nyundo. Twyla akawa Mama Dubu. Cletus, na kilo zake zote, akawa Kivuli.

"Kamanda," alisema Twyla, "mkoba wa bandeji uko wapi?"

"Moyoni, Mama Dubu."

"Haya. Na nataka nikuambie, kwenye magazini za mume wangu nimechanganya risasi bubu, ili..."

"Safi, safi," alisema Kamanda, ambaye wakati huo alikuwa ameinua simu juu akijirekodi, akitafuta upande ambao jua lilizipenda ndevu zake.

Twyla akarudia mara ya pili, kwa sauti ya kuita watoto jikoni. Kamanda akamwonyesha dole gumba. Basi. Mwalimu alikuwa ameambiwa.

Saa mbili za kwanza hakuna aliyegusa bastola. Walibingirika. Kamanda alisema adui hatakusubiri usimame vizuri. Ndugu Kivuli alibingirika mara moja, vizuri kabisa, kisha akabaki pale pale chini akitazama mawingu.

"Niacheni," alisema. "Huku chini hakuna upepo."

Walimwinua watu watatu. Ndipo wakasogea kwenye mstari, mbele ya tuta la udongo, na Orrin akaanza kupiga shabaha. Risasi zake zote zilikuwa zinakwenda chini. Nyingine zilipiga mguu wa mbao wa shabaha, moja ikapiga jiwe. Kila bastola iliposema tik, mdomo wake ulizama kama kichwa cha mtu anayesinzia kanisani.

"Tatizo lako, Nyundo, huna hasira," Kamanda alimwambia. "Piga kwa hasira!"

Orrin akapiga kwa hasira. Akalipata jiwe lile lile.

Twyla aliona uso wa mumewe ukianza kuwa ule wa dirishani. Akasafisha koo. "Kamanda, tuonyeshe wewe. Sisi wazee tunajifunza kwa macho."

"Mimi sipigi mbele ya wanafunzi, Mama Dubu. Inawakatisha tamaa."

"Tumekata tamaa tayari," alisema Cletus, akijipangusa majani. "Piga tu."

Wote wakamtazama. Kamanda akacheka kicheko cha kwenye video, akaichukua bastola ya Orrin pamoja na magazini mpya ambayo Twyla alikuwa ameijaza, kwa kuwa vidole gumba vya Orrin vilimalizwa na mawe. Akatanua miguu. Akavua miwani ya jua, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na nyingine chini.

Paa! Ikaingia shabaha, pembeni, lakini imeingia.

Tik.

Mdomo wa bastola ulichovya chini kwa nguvu, mabega yakapanda masikioni, na macho ya Kamanda, kila mtu aliyaona, yalikuwa yamefumbwa kabisa.

Ng'ombe mmoja mbali huko akalia.

"Kuku kadonoa," alisema Cletus taratibu.

"Bastola mbovu hii!" alisema Kamanda, akaivuta sehemu ya juu kuitema ile risasi, akapiga tena. Paa. Tik. Kuku akadonoa mara ya pili, zaidi ya mara ya kwanza.

"Haina ubovu," alisema Twyla. "Ni zile risasi bubu nilizokuambia asubuhi. Mara mbili. Hata kwenye simu yako nitakuwa nimesikika."

Wazee walicheka mpaka mmoja akalazimika kukaa kwenye tairi. Hata Orrin alicheka, na kilichomchekesha zaidi ilikuwa nafuu: kumbe mwenye ndevu naye! Kama Kamanda Dax angecheka nao pale, siku ingeisha vizuri na labda angepata hata pai. Lakini aliivua magazini ile, akaipachika aliyokuwa amejaza mwenyewe, risasi hai tupu, akamrudishia Orrin bastola, kisha akaanza kutembea kuelekea kwenye shabaha. Alipofika akageuka, akasimama kando ya ile ya Orrin, urefu wa mkono tu kutoka kwenye karatasi.

"Mnacheka? Sasa tutajua nani mwanamume. Nyundo! Piga shabaha. Mimi niko hapa. Hii ndiyo imani. Hivi ndivyo tulivyofundishwa sisi."

Kicheko kikakatika kama bomba lililofungwa.

Twyla alifungua mdomo kupiga kelele, lakini Orrin alimtangulia. Aliinamisha mdomo wa bastola chini, akatoa magazini, akatoa risasi iliyokuwa imebaki ndani, akaiweka bastola mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Hapana," alisema.

"Unaogopa, Nyundo?"

"Ndiyo. Mwezi huu nimeshapiga tangi la maji, bwana. Sitaki kupanda cheo."

Darasa likaishia hapo. Hata hivyo Kamanda Dax aligawa vyeti, maana vilikuwa vimeshachapwa na kusainiwa tangu asubuhi, vyenye tai wa dhahabu na maneno "Mpiganaji wa Daraja la Kwanza". Cletus alipata cha kwake kwa kubingirika mara moja.

Asubuhi iliyofuata cheti cha Orrin kilikuwa kwenye mlango wa friji, kimebanwa kwa sumaku ya nyanya. Orrin alikula vimkate vya moto na mchuzi mweupe wa soseji akikitazama. Alitafuna muda mrefu.

"Mchungaji alisema cheti," alisema mwishowe. "Hakusema cheti cha namna gani. Kile ni cheti."

"Ni cheti," Twyla alikubali.

"Kina tai."

"Mzuri."

"Kwa hiyo kinatosha. Jumapili ya Kurudi Nyumbani nasimama mlangoni, Hollis anabaki na meno yake. Si ndiyo?"

Twyla alipangusa mikono, akaingiza vidole mfukoni mwa aproni, akaweka kitu kidogo kando ya sahani ya mumewe. Kilikuwa kimebonyea upande mmoja kama uyoga.

"Nini hii?"

"Yako. Uliisahau kanisani."

"Si iliishia kwenye tangi?"

"Iliishia kwenye nguzo ya chumba cha watoto. Chini kidogo ya twiga wa Nuhu."

Orrin aliweka uma chini. Mchuzi ulianza kuganda. Aliigusa ile risasi kwa kidole gumba, akaisukuma kidogo, ikabiringika, akaizuia isianguke mezani, kisha akashtuka kwa jinsi mkono ulivyokwenda haraka wenyewe.

"Walikuwemo wangapi?"

"Sita. Walikuwa wanakula biskuti."

"Umekaa nayo wiki tatu."

"Sikutaka urudi kugombana na ndege."

Orrin hakucheka. Alisukuma sahani kando, halafu akasema, bila kumtazama mkewe, "Namba ya yule fundi piano unayo?"

Kwa Eldon Voss hapakuwa na fuvu wala moshi. Palikuwa na meza, viti vya kukunja, na mwenyeji mwembamba mwenye sweta la vifungo na miwani iliyofungwa kamba. Kabla ya yote aliwapitisha mmoja mmoja kwenye msumari palipotundikwa mkoba wa bandeji, kila mtu auguse. Akamteua Cletus kupiga simu mtu akiumia, mwingine kufungua geti, mwingine kubana damu. Kisha akawauliza ni nani anaogopa mlio. Akainua mkono wake mwenyewe. Baada ya hapo mikono ikaanza kupanda, wa mwisho ukiwa wa Cletus, uliopanda mpaka kimo cha sikio kana kwamba anajikuna.

Eldon alipiga kwanza, risasi kumi, mbele yao wote. Tisa zikaingia kwenye duara la ukubwa wa kisosi.

"Ya kumi niliivuta pembeni," alisema. "Nilikuwa nafikiria chakula."

Orrin alimgeukia Twyla. Miaka sitini na mbili hapa duniani, na hakuwahi kumsikia mwanamume akisema kitu kama hicho akiwa ameshika bastola.

"Na ikianza kuanguka?" Orrin aliuliza baadaye, kwa sauti ndogo.

"Iache ianguke, Bwana Haskew. Sakafu haina kidole."

Wiki nzima Orrin alisimama ukumbini nyumbani na bastola tupu, sarafu ya senti kumi imekaa juu ya mdomo wa bastola, akivuta triga bila sarafu kuanguka. Ilianguka mara mia. Twyla alikuwa akimaliza vyombo anaichukua yeye bastola, anajaribu pia, maana hakupenda kulala na swali. Sarafu yake ilianguka mara nne, kisha ikakaa kama imegundishwa.

Jumamosi ya mtihani Orrin aliingiza risasi zote kwenye kisosi. Alishusha bastola uso ukiwaka.

"Umefeli," alisema Eldon.

"Zote zimeingia!"

"Risasi zimefaulu. Kidole kimefeli. Ulipochomoa mara ya tatu kiligusa triga kabla hujafika kwenye shabaha. Chooni ilikuwa hivyo hivyo, nadhani."

Orrin alisimama pale akipumua. Kamanda angempa tai. Huyu alimpa maji ya limau kutoka kwenye jagi, na tarehe ya kurudi mwezi ujao. Na kilichomshangaza Orrin ni kwamba hakukasirika, hata alipoambiwa ni nani kati yao aliyefaulu kwa alama za juu kabisa. Alikasirika kidogo tu.

"Usianze," alimwambia mkewe ndani ya pikapu.

"Sijasema kitu."

"Unatabasamu kwa sikio. Nakuona."

Jumapili ya Kurudi Nyumbani watu walikuja kutoka mbali kama Tulsa. Meza ndefu zilikuwa tayari uani, zimejaa kuku, maharage na pai. Hollis alikuwa amesimama karibu na mlango tangu saa mbili asubuhi, kadi tayari. Mchungaji Renfro akamwendea Orrin.

"Ndugu Orrin, nasikia una cheti."

Orrin alikuwa nacho kweli, mfuko wa ndani wa koti, tai na kila kitu. Alikitoa. Mchungaji akakitazama, akaridhika, akanyoosha mkono wa pongezi.

"Hicho usikihesabu, Mchungaji," alisema Orrin. "Nilikipata kwa kubingirika. Kwa mwalimu wa kweli nimefeli. Kidole. Mpe Hollis mlango."

Meno ya Hollis yakatokea yote.

"Samahani, Mchungaji," alisema Twyla, ambaye kwa bahati alikuwa amesimama hatua mbili tu nyuma na karatasi za ratiba mkononi. "Cheti ni cha kubeba bastola, au cha kufungua mlango?"

Mchungaji akafikiri. Nyuma yao kikongwe mmoja alikuwa anapanda ngazi, na Orrin, bila kugeuka, alikuwa ameshamnyooshea mkono. "Goti la kushoto leo, Mama Odell, au la kulia?"

"La kushoto, mwanangu."

"Cha kubeba bastola," alisema mchungaji.

"Basi mlango una mtu," alisema Twyla. "Na cha bastola hiki hapa. Cha Bwana Voss." Akamwonyesha karatasi nyeupe isiyo na tai, yenye jina lake. Mchungaji akaisoma mara mbili, akamtazama mama huyu wa jikoni mwa kanisa na sweta lake la Jumapili, akaamua kutouliza bastola iko wapi.

Saa nne kamili binamu wa Orrin kutoka Tulsa alifika, akampiga Orrin kifuani kwa kiganja.

"Bado unabeba, binamu? Nilisikia habari za choo!"

Orrin akafungua koti. Kiunoni palikuwa na mkoba mwekundu: bandeji, mkasi, mkanda wa kuzuia damu. Binamu akachungulia upande wa pili, hakuona kitu.

"Na bastola?"

Orrin akatazama dari.

"Karibu, shemeji," alisema Twyla, akimpa karatasi ya ratiba kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umetulia chini ya sweta. "Choo kiko kulia. Utaona cheti kizuri ukutani nyuma ya tangi, kina tai wa dhahabu. Usikiguse, kimeziba tundu."